Sanduku la Kapteni Pamba

Siku sanduku la Kapteni Pamba lilipovunjika mara ya kwanza, Mama Stoo alikuwa juu ya ngazi ya mbao akipanga skafu za wahudumu wa ndege kwenye rafu. Za zamani zilikuwa za bluu, mpya za kijani, na ofisi ilikuwa imeagiza zisichanganywe. Kapteni aliingia amelikumbatia sanduku kifuani kama mtu aliyebeba mbwa mgonjwa. Gurudumu moja lilikuwa limeng'oka, mpini umepinda, na zipu imeachama upande mzima.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri. Limekuwaje?"

"Limezidiwa."

"Uliweka nini?"

"Ndani ni nguo zangu tu," alisema Kapteni, na neno "ndani" alilitamka kwa uangalifu.

Mama Stoo akachungulia dirishani. Nje, kwenye kivuli cha paa la bati, binti yake alikuwa amesimama na sare yake ya bluu, viatu mkononi, akingoja. Alikuwa amezikwa mwezi uliopita, siku ya mvua, na visigino vyake vilikuwa bado na udongo kidogo. Akampungia mama yake mkono. Mama naye akampungia, kisha akashuka, akachukua sanduku jipya, akakata lebo, akampa Kapteni. Kapteni alihamisha nguo zake, akashukuru, akatoka. Alipofika kivulini alisimama bila kuambiwa. Binti akakaa juu ya sanduku, akakunja miguu, akaweka viatu mapajani. Kapteni akainama mbele, akavuta, na magurudumu yakaanza kulia juu ya matofali ya njia.

Mama Stoo akarudi kwenye skafu zake.

Kapteni aliitwa Pamba kwa sababu ya namna alivyotua. Ndege yake iligusa ardhi kwa ulaini ambao abiria waliosinzia hawakuusikia. Waliamshwa na sauti ya wenzao wakifungua mikanda. Hata siku ile ya msiba alitua hivyohivyo. Njiani kulikuwa na wingu kubwa, jeusi chini na jeupe juu, na marubani wengine waliokuwa angani walilizunguka. Kapteni alikuwa amealikwa chakula cha jioni ambako angekaa meza ya mbele, na kuzunguka kungemchelewesha. Akapita katikati. Taa ya mikanda hakuiwasha, kwa sababu taa ikiwaka huduma ya chai husimama, chai ikisimama abiria hulalamika, na Kapteni hakupenda malalamiko yakae karibu na jina lake. Ndege ilishuka ghafla kama ndoo iliyokatikiwa kamba. Binti wa Mama Stoo, aliyekuwa nyuma akisukuma toroli la chai, alipaa pamoja na toroli, akagonga dari, akatangulia kurudi chini, na toroli likamwangukia. Ndipo taa ikawaka. Baadaye Kapteni akatua kwa ulaini wake, na abiria wa viti vya mbele, ambao hawakujua kilichotokea nyuma, wakampigia makofi.

Uchunguzi wa kampuni ulisema taa iliwashwa mapema na mhudumu akaipuuza. Uzembe wa marehemu, waliandika. Rubani msaidizi, aliyekuwa amekaa kiti cha pili akiiona swichi kwa macho yake, alisema hakumbuki, na haukupita muda naye akapandishwa cheo. Mama Stoo, msimamizi wa stoo ya sare na vifaa, alikuwa ameitumikia kampuni hiyo tangu binti yake hajaota meno. Aliitwa ofisini, akasomewa hayo, akapewa pole na wiki ya mapumziko. Aliporudi alikuta kabati la binti yake limeshapewa mwingine.

Binti mwenyewe aliwahi kurudi kabla wiki haijaisha. Aliingia kwa mlango wa jikoni wakati mama yake akianua nguo, akaomba maji, akaeleza yote kwa ufupi kama alivyozoea kueleza safari zake. Kisha akasema anakwenda kazini.

"Kazi gani tena, mwanangu?"

"Nitamkalia Kapteni sanduku. Siku akisema taa haikuwaka, nitashuka."

"Aseme mbele ya nani?"

"Mbele ya wale walioandika. Maneno mawili tu, mama. Taa haikuwaka."

Mama akamnyooshea kola ya sare, iliyokuwa imejikunja, akamsindikiza hadi getini.

Pale uwanja wa ndege hakuna aliyeona ajabu. Walinzi wa ukaguzi walimwomba ashuke sanduku lipite kwenye mashine. Alishuka, likapita, akapanda tena. Wahudumu wenzake walimuuliza habari za huko alikotoka, akasema kumetulia. Ndani ya ndege sanduku liliwekwa kwenye kabati la marubani naye akakaa humohumo, na aliyefunga mlango alilazimika kumsukuma magoti kidogo. Wapagazi walikuwa na utani wao: wengine hukaliwa kooni, Pamba kakaliwa sanduku.

Shida ilikuwa uzito. Akiwa hai binti alikuwa mwembamba, upepo wa ndege zikiwashwa ulimyumbisha. Lakini sasa aliongezeka kila aliposemwa vibaya, na kampuni ilimsema vibaya katika kila semina ya usalama, kama mfano wa mhudumu asiyefunga mkanda. Baada ya kila semina Kapteni alihisi mpini unamvuta nyuma zaidi, na sanduku likalia kwenye maungio kama mlango mkavu.

Mama Stoo alikuwa huru kutoa sanduku lolote lililokuwa rafuni, naye alimchagulia mabaya. Alimpa lenye zipu nyembamba kama ya gauni. Alimpa lenye magurudumu ya plastiki tupu na mpini wa bomba moja. Aliyakabidhi kwa adabu, akayafuta vumbi kwanza, akamtakia safari njema. Kisha akangoja habari. Wahudumu walizileta pamoja na sare za kubadilisha: Kapteni alipasukiwa na sanduku mbele ya hoteli, kwenye ngazi, saa wageni wakishuka kwenye mabasi. Zilimwagika soksi, chupi, na chupa ya ile dawa yake ya kutia nywele weusi. Bwana mmoja aliyewahi kumpigia makofi ndiye aliyemwokotea chupi.

"Ilikuwa ya rangi gani?" Mama Stoo aliuliza huku akikunja aproni.

"Ya maua, mama."

"Na nani walikuwapo?"

Wakamtajia mmoja mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena ile ya ngazi, na siku hiyo akatembea kurudi nyumbani bila magoti kumuuma.

Alasiri moja binti alirudi nyumbani kwa miguu, amechoka. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akanyoosha nyayo.

"Mama, umekuwa ukinitupa njiani."

"Mimi?"

"Wewe na visanduku vyako. Kila kikivunjika, ananiacha palepale na mabaki, anaita gari, anakwenda zake mikono mitupu. Leo kaniacha karibu na vyoo. Nimekaa pale mpaka wafagiaji wakaniomba ninyanyue miguu."

"Nilitaka aaibike."

"Anaaibika kidogo, halafu anapumzika. Wewe unacheka, na yeye anapumzika."

Mama Stoo akaweka sufuria chini. Fedheha ya Kapteni alikuwa ameila kama tamutamu, akasahau kuangalia kilichokuja nyuma yake. Kumbe kila gurudumu lililong'oka lilimfungua yule mtu kwa siku nzima.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Nataka sanduku lisilovunjika."

Ikawa bahati kwamba mkurugenzi wa safari alikuwa akitaka hilohilo kwa sababu zake. Ndege za Kapteni zilikuwa zikichelewa kuondoka, maana rubani hawezi kuongoza ndege huku nguo zake ziko kwenye mfuko wa taka. Aliwaita wakuu wa idara, akawaambia tatizo limeshajulikana, tatizo ni masanduku. Wakuu wa idara wakaafiki. Mmoja, mgeni kidogo pale kazini, akauliza kama haingekuwa rahisi kumwomba yule dada ashuke.

"Hilo ni suala la kisheria," alisema mkurugenzi, "na hatuko hapa kwa ajili ya sheria. Tuko hapa kwa ajili ya mizigo. Marubani na wahudumu wote wapewe masanduku ya kudumu. Nani atayachagua?"

"Mimi," alisema Mama Stoo.

"Hata mimi nilijua ni wewe, mama. Nani mwingine ana uchungu na vifaa vya kampuni?"

Wauzaji wakaanza kuja stoo na sampuli zao. Mama Stoo alikuwa amebadilika. Aliacha kusikiliza hadithi za ngazini, akawa mtu wa kugonga, kuvuta na kunusa. Masanduku ya alumini yalimeta na kupendeza, lakini yalibonyea yakabaki yamebonyea. Ya kitambaa yalichanika pembeni yalipoburutwa. Yale ya magurudumu manne yanayozunguka yalikwenda vizuri sakafuni kama mtoto mtiifu, na yalipokutana na kokoto za kwanza magurudumu yakakwama, yakakatika. Aliyajaza mchanga akayaangusha kutoka juu ya ngazi za nyuma. Aliyafunga kwenye trekta la mizigo akamwambia dereva ayazungushe njia yote ya huduma, kwenye lami na kwenye mashimo. Aliyaacha juani, akayaacha kwenye mvua. Zipu alizifungua na kuzifunga huku akisikiliza redio, na zile zilizokatika kabla ya kipindi kwisha alizirudisha kwa wenyewe pamoja na meno yao kwenye bahasha.

Muuzaji aliyebaki mwisho aliitwa Bwana Dhamana, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kutoa dhamana. Chai ikichelewa alikuwa tayari kukupa dhamana kwamba iko njiani. Sanduku lake halikuwa zuri. Lilikuwa jeusi, la plastiki ngumu inayobonyea na kurudi, lenye kona za mpira zilizofungwa kwa skrubu. Magurudumu yalikuwa mawili tu, makubwa, ya mpira, na kila moja lingeweza kufunguliwa na kubadilishwa kwa bisibisi ya kawaida. Mpini ulikuwa wa mabomba mawili manene. Jina la mwenyewe liligongwa kwenye kibati cha chuma, halifutiki.

Kapteni alikuwa likizo, kwa hiyo binti, aliyekuwa akikaa kwenye korido ya nyumba ya Kapteni, aliomba ruhusa akaja kulijaribu. Alikaa. Akaruka kidogo akakaa tena. Mama Stoo akapiga magoti, akatazama mhimili kwa karibu. Haukupinda.

"Hili, mama, lina dhamana ya maisha," alisema Bwana Dhamana.

"Maisha ya nani?"

Bwana Dhamana alikuwa ameuza masanduku tangu ujana wake na hakuwahi kuulizwa hilo. Akatoa karatasi, akaisoma akisogeza midomo.

"Ya mwenye sanduku. Maadamu anapumua, likiharibika kitu tunatengeneza."

"Akistaafu je?"

"Akistaafu, akihama, akienda atakakokwenda. Sisi tunatengeneza."

"Na anayelikalia?"

Bwana Dhamana akamtazama binti, ambaye alikuwa akijaribu kuegemea mpini. "Hilo halijaandikwa, mama. Lakini halijakatazwa."

Mama Stoo akaagiza ya kampuni nzima.

Masanduku yalipofika, wahudumu walifurahi. Migongo iliacha kuwauma, hakuna aliyefika hotelini na kisigino cha kiatu kikichungulia kwenye tundu, na wengi walikuja stoo kumshukuru. Mama Stoo alipokea shukrani hizo bila kuzitia maanani sana. La Kapteni alilikabidhi mwenyewe. Alikuwa amelitia grisi, akakaza kila skrubu, akalipitisha tambara mpaka akajiona uso.

"Hili halitakusumbua kwa kuvunjika," alimwambia.

"Ahsante, mama," alisema Kapteni, na akatoka nalo kuelekea kivulini alikokuwa anangojwa.

Halikuvunjika. Alilivuta kwenye ngazi za viwanja ambavyo lifti zake zimekufa. Alilivuta kwenye nchi za baridi, juu ya theluji, likaacha mistari miwili mirefu iliyonyooka. Alijaribu kusafiri na mkoba wa begani tu. Binti akaning'inia kwenye ule mkoba, na ukanda ukamkata bega mpaka akarudia sanduku kwa hiari yake. Alijaribu kulisahau. Alilisahau kwenye gari, kwenye mgahawa, na mara moja kwenye lifti. Kila mara watu wema walisoma jina kwenye kibati, wakalirudisha na binti juu yake, wakamwambia mzigo wako huu, Kapteni, ulikuwa umeusahau. Ikabidi awashukuru. Binti naye aliwashukuru, maana alilelewa hivyo.

Mke wa Kapteni alikuja stoo siku moja baada ya saa ya chakula cha mchana. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo, miwani ya jua juu ya kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akakaa juu ya boksi la glavu. Alizungusha pete yake mara kadhaa kabla ya kusema.

"Kapteni akiwa nyumbani, binti yako anakaa kwenye korido yetu."

"Najua. Ananiambia."

"Hana ubaya. Anasalimia, anaitikia. Watoto wamemzoea, wanamwita shangazi, wanampelekea kazi zao za shule awasahihishie. Lakini sakafu imeanza kubonyea, mama. Na mume wangu hawezi tena kuinua mkono kuchana nywele."

"Mwambie aseme."

"Ameshasema. Siku ileile. Alivua viatu, akakaa kitandani, akaniambia taa sikuiwasha."

"Wewe siye uliyeandika ile taarifa."

"Siyo mimi." Akaangalia chini. "Nikienda kusema mimi, atamwaga unga. Na unga wenyewe ndio tunaokula sisi."

Mama Stoo alikuwa amemchukia mwanamke huyu kwa muda mrefu bila kumjua sura. Sasa alimwona ana mkunjo wa usingizi shavuni, na mkono mmoja wa blauzi umechafuka chaki ya mtoto. Hilo halikumpunguzia kitu. Akamuuliza jambo alilokuwa akitaka kulijua tangu mwanzo.

"Kile chakula cha jioni mlikwenda?"

Mke wa Kapteni akarudia kuzungusha pete.

"Tulikwenda. Tulichelewa kidogo. Walikuwa wametusubiri."

Mama Stoo akainuka. Akaenda nyuma ya rafu, akarudi na ubao mnene uliobaki walipotengeneza kaunta, akamwekea magotini.

"Weka chini ya sanduku," alisema. "Sakafu isije ikakatika, binti yangu akaumia."

Mke wa Kapteni akashukuru, akaondoka na ubao kwapani.

Baada ya hapo Kapteni naye alikuja, peke yake, adhuhuri, wakati wasaidizi wa stoo wamekwenda kula. Binti alibaki nje kivulini juu ya sanduku, akibembeza miguu. Kapteni alisimama mbele ya kaunta. Alikuwa amezeeka upande mmoja. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, na shingo imeinamia huko kama ya mtu anayesikiliza ukutani.

"Mama, nikisema, itakuwaje?"

"Atashuka."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa mtu aliyesema."

"Watanivua mabawa." Alikuwa na maana ya ile beji ya dhahabu kifuani.

"Watakuvua."

Kapteni akaitazama beji, kisha akautazama mkono wake wa kulia, ambao vidole vyake havikunyooka tena. Mama Stoo aliacha alichokuwa akikifanya. Kwa muda wote ule alikuwa ameomba mengi yampate mtu huyu, lakini sasa alijikuta anaomba lile moja dogo. Alikuwa tayari kufunga stoo, kumshika mkono na kumpeleka ghorofani kwa mkurugenzi kabla maneno hayajamkauka mdomoni. Nje, miguu ya binti ilikuwa imeacha kubembea.

"Taa," alisema Kapteni.

Feni ilizunguka. Akainua macho darini.

"Taa ya hapa stoo imefifia sana, mama. Mwite fundi umeme aitazame. Utaharibu macho."

"Nitamwita," alisema Mama Stoo.

Kapteni akasimama kidogo zaidi, kama mtu aliyefika kituoni akakuta si chake, kisha akatoka. Mama Stoo akachukua bisibisi na kopo la grisi, akamfuata. Akamwomba binti ashuke kidogo. Alifungua magurudumu yote mawili, akayasafisha, akayapaka, akayarudisha na kuyakaza kwa nguvu zake zote, mpaka kiganja kikamwuma. Kapteni alingoja amalize. Binti akapanda. Kapteni akashika mpini, akavuta.

Fundi umeme alikuja kesho yake akabadilisha taa.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kampuni ilimteua Kapteni Pamba kuwa mkuu wa mafunzo ya marubani na ikaamua kumpa tuzo ya usalama. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa mikutano, viti vya plastiki vikavishwa vitambaa vyeupe, na wafanyakazi wote wakaitwa. Mkurugenzi alihutubia. Alisema Kapteni amepita katika mtihani mgumu kwa utulivu wa hali ya juu. Alisema marubani vijana wana mengi ya kujifunza kwake, na kwamba usalama wa abiria na wahudumu huanzia kwa kila mmoja kufunga mkanda wake taa inapowaka, kwa sababu kampuni imewahi kupoteza mtu kwa uzembe huo.

Aliposema hivyo, jukwaa likalia chini ya sanduku. Vijana wawili wa matengenezo, waliokuwa wamewekwa pembeni kwa kazi hiyo, wakapanda, wakalisogeza sanduku mpaka juu ya boriti, wakashuka. Mkurugenzi akaendelea. Yule rubani msaidizi wa zamani, ambaye sasa alikuwa kapteni mwenye meza ya mbele, aliisoma orodha ya vinywaji pande zote mbili.

Kapteni akapokea tuzo, kioo chenye umbo la ndege. Mpiga picha akainua kamera, kisha akaishusha.

"Dada, samahani, sogea kushoto kidogo. Unaziba tuzo."

Binti akasogea. Picha hiyo ilitundikwa baadaye pale mapokezi, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Kapteni ameangalia tuzo, mkurugenzi ameangalia Kapteni, na binti ameangalia kamera.

Hotuba zilipokwisha, watu wakaja kumpongeza. Kapteni aliwapa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umeshika mpini na haukuzoea tena kuuachia. Mama Stoo alingoja foleni ipungue, akamsogelea, akatoa mfukoni futi ya kushonea. Kapteni akasimama wima bila kuulizwa. Mama akapima mkono wa kulia kutoka begani, akateremsha futi kwenye kiwiko, mpaka kwenye kifundo, ambacho kilikuwa kimetokeza nje ya koti pamoja na sehemu nzuri ya shati. Koti hilo lilishonwa mwanzoni mwa mvua zilizopita.

"Umerefuka tena," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Unauma?"

"Unauma."

"Vizuri," alisema Mama Stoo, akaviringisha futi.

Binti alikuwa akinywa soda juu ya sanduku. Alimwambia mama yake asimngoje kwa chakula wiki hiyo, kuna safari ndefu, halafu mafunzo yanaanza na vijana ni wengi. Mama akamwambia ajifunike vizuri huko kwenye baridi. Kapteni akainama mbele, kuelekea mlangoni, na watu wakawapisha.

Mama Stoo akampigia simu fundi cherehani wa kampuni. Alimwambia mkono wa kushoto wa koti la Kapteni auache kama ulivyo, wa kulia auongeze, na safari hii akunje pindo kubwa kwa ndani, liwe linashushwa kidogo kidogo bila kushona koti jipya.

Fundi akauliza pindo liwe kubwa kiasi gani.

"Kunja kitambaa chote kilichobaki," alisema Mama Stoo.